Chachu ya Mchele

Mkate ulifika Japani na Wareno katika karne ya 16, lakini ulikawia sana kupata wenyeji wa kuupenda. Hata Yasubei Kimura, mtu wa tabaka la samurai, alipofungua duka la mikate Tokyo mwaka 1869, wengi waliuona chakula cha wageni tu. Mwaka 1874 yeye na mwanawe Eizaburo wakatoa anpan: mkate mdogo wa mviringo, laini, wenye maharage matamu ya azuki tumboni.

Wanaousifu mkate huu huanza na maharage. Mimi naanza na chachu. Hamira ilikuwa adimu, basi akina Kimura wakageukia mchele na koji, ule ukungu wanaoutumia wapika pombe ya sake. Chachu hiyo, sakadane, haina haraka. Joto likizidi huharibika, likipungua hulala. Mwokaji hana budi kuinusa na kuionja kila mara. Lakini mlaji wa Tokyo alikuwa amekula maandazi ya mvuke yaliyoumuliwa hivyo hivyo tangu utotoni. Mkate mgeni ukaja na harufu ya nyumbani, nao ukapokewa.

Maharage nayo yana adabu zake. Maji ya kwanza humwagwa yaondoke na ukakasi. Yanachemshwa taratibu hadi punje ipondeke kwa vidole viwili, ndipo sukari iingie. Ikitangulia, maganda hukaza na hayalainiki tena. Kisha donge la unga hubandikwa kiganjani, rojo zito la maharage likawekwa katikati, kingo zikavutwa na kufinywa. Mshono ukiachwa wazi, tanuri litautangaza.

Tarehe 4 Aprili 1875, Mfalme Meiji aliandaliwa anpan kwa mkono wa mhudumu wake, Yamaoka Tesshu. Kwa ajili ya mfalme waokaji walibonyeza kitovu katikati ya mkate na kuweka ua la mcheri lililohifadhiwa kwa chumvi. Wengine huliona pambo. Hapana: chumvi ile ndiyo inayoukata utamu kabla haujakinaisha.

Kimuraya, duka la akina Kimura, bado linauza mkate huu mtaani Ginza, Tokyo, na walaji bado wanabishana: koshian, azuki zilizochujwa maganda zikawa laini kama krimu, au tsubuan, zenye punje zake? Koshian ina kazi kubwa zaidi, nakiri. Lakini nipeni tsubuan. Nikila maharage, nataka kuyatafuna.