Punda Mzee Anaposimama Mlimani: Jinsi Maumivu Yanavyotenganishwa na Ukaidi

Punda mzee aliyebeba mahindi kwa miaka mingi kutoka miteremko ya Mlima Elgon hadi barabara ya Saboti anaanza kusimama katikati ya kilima. Masikio yamelala nyuma, hatikisiki. Mwenye punda anasema ameingiwa na ukaidi wa uzee, na fimbo inashuka. Kwa maoni yangu, ukaidi ni jibu la kufikiwa mwisho, baada ya majibu mengine yote kukaguliwa na kukataliwa. Ukaguzi huo una mbinu yake. Ilibuniwa kwa ajili ya farasi wa kupanda, lakini sehemu yake yenye uzito zaidi haihitaji mashine, na mtu wa Kiminini au Chwele anaweza kuifanya.

Aliyeijenga ni Sue Dyson, daktari bingwa wa miguu ya farasi aliyefanya kazi miaka mingi katika taasisi ya Animal Health Trust huko Newmarket, Uingereza. Mwaka 2014 yeye na mwenzake Line Greve walichapisha matokeo ya kuwachunguza farasi wa michezo zaidi ya 500, wote wakiwa kazini na wote wakidhaniwa na wenyewe kuwa wazima. Karibu nusu yao walikuwa wakichechemea au wamekakamaa. Watu waliokuwa wakikaa juu ya migongo yao hawakuwa wamegundua. Walichokuwa wakiona ni farasi mvivu, farasi mwenye hasira, farasi anayekataa kugeuka kushoto.

Dyson akaanza na orodha ndefu: tabia 117 ambazo farasi aliyepandwa anaweza kuonyesha. Video zilitazamwa mara mbili na mtazamaji yule yule, na kila tabia ambayo hakuihesabu kwa namna moja mara zote mbili ikatupwa. Zikabaki 70. Hizo nazo zikachujwa kwa takwimu hadi zikabaki 24 zinazotenganisha farasi mwenye maumivu na asiye nayo, na kazi hiyo ikachapishwa mwaka 2018. Farasi akionyesha 8 au zaidi kati ya hizo 24, uwezekano kwamba anaumia ni mkubwa.

Nguvu ya orodha hiyo imo katika muda. Masikio kulala nyuma si kitu. Masikio kulala nyuma kwa sekunde 5 au zaidi ni alama. Kufungua mdomo mara moja si kitu. Kuufungua na kuufumba mfululizo kwa sekunde 10 ni alama. Macho kukodoa mahali pamoja bila kuhama kwa sekunde 5, mkia kupigapiga, kwato za nyuma kukwaruza chini, kujikwaa tena na tena, kusita kwenda mbele: vyote vinahesabiwa, na hakuna kimoja kinachotosha peke yake. Mnyama mzima naye hupunga mkia nzi akimuuma.

Lakini hesabu pekee isingemshawishi mtu aliyeamini kwamba farasi wake ni mkorofi tu. Kilichofunga mjadala ni sindano. Daktari huchoma dawa ya ganzi kwenye neva ya sehemu ya mguu inayoshukiwa, kisha farasi hupandwa tena: mpandaji yule yule, tandiko lile lile, uwanja ule ule. Alama zikashuka. Tabia iliyojengeka kwa miezi haiwezi kusahaulika kati ya mzunguko mmoja na mwingine. Kama imetoweka mara tu maumivu yalipozimwa, basi ililetwa na maumivu. Hapo ndipo ninapoona ufundi wote wa kazi hii: kubadilisha kitu kimoja tu, kuacha vingine vyote vilivyo, halafu kutazama.

Utafiti ule wa 2014 ulikuwa na jambo jingine linalotuhusu sana huku. Tandiko lililokuwa likiteleza kila mara upande mmoja lilikuwa, kwa farasi wengi, dalili ya mguu wa nyuma unaouma. Punda wetu hubeba magunia, na mzigo ukielemea upande mmoja mtu husimama, hukaza kamba, huendelea. Mara nyingi ni kweli kwamba mzigo ulifungwa vibaya. Lakini ukigawanywa sawa, ukafungwa vizuri, na bado ukateleza upande ule ule siku baada ya siku, mimi ningeanza kuitazama miguu ya nyuma.

Hata hivyo, punda si farasi mfupi. Farasi akiogopa hukimbia. Punda aghalabu husimama kama amepigiliwa chini. Ndiyo maana maumivu yanayomfanya farasi aruke na kurusha mateke humfanya punda anyamaze tu. Punda mgonjwa anaweza hata kusimama kwenye majani akichezesha mdomo bila kula kitu, na anayepita akadhani ameshiba. Kukosa kula huko ni hatari kubwa kwake kuliko kwa farasi, kwa sababu mafuta ya mwilini humiminika kwenye damu na kuharibu ini. Mwaka 2020 Machteld van Dierendonck na wenzake, wakishirikiana na shirika la The Donkey Sanctuary la Uingereza, walichapisha vipimo vya maumivu vilivyotengenezwa mahsusi kwa punda. Vilihitajika kwa sababu anayemsoma punda kwa macho ya farasi hukosa mengi.

Sasa turudi kwenye kilima cha Saboti. Mzigo ushushwe, punda apelekwe kivulini. Mdomoni kwanza: taya la juu la punda ni pana kuliko la chini, kwa hiyo magego ya juu huota ncha kali upande wa shavu na ya chini upande wa ulimi, na kwa mzee ncha hizo huchana nyama. Ukiona majani yaliyotafunwa nusu yakimdondoka, tatizo limo humo. Kisha pitisha kiganja mgongoni na mabegani, ukikandamiza polepole, ukitazama uso wake na si mkono wako. Inua kwato moja moja. Punda anayekataa kuinua mguu mmoja huenda anaogopa kuuelekeza uzito kwenye mguu wa pili.

Vifaa ndivyo ningetumia muda zaidi kuvikagua. Bungoma na Trans Nzoia ni nchi ya maksai na jembe, na nira ya ng'ombe huishia shingoni mwa punda wa mkokoteni kwa sababu ndiyo iliyopo nyumbani. Ng'ombe ana nundu ya kuisukuma nira. Punda hana, yeye huvuta kwa kifua, na nira ile hukalia mifupa iliyo juu ya shingo na mabega yake. Punda wa namna hiyo akisimama njiani, anajaribu kupunguza shinikizo kwa njia pekee aliyo nayo. Na gunia la mahindi la kilo 90 ni zaidi ya nusu ya uzito wa punda wengi wa huku. Sheria yetu ya Kenya ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, inahesabu kumbebesha mnyama kupita kiasi kuwa kosa.

Sindano ya ganzi haipatikani kirahisi kijijini, lakini mantiki yake inapatikana. Punguza mzigo kwa nusu na usibadilishe kingine. Mpitishe kilima kile kile, uhesabu mara anazosimama. Siku nyingine, kama huvuta kwa nira, rudisha mzigo wake, uondoe nira hiyo na umfunge mkanda mpana wa kifuani uliowekewa kitambaa. Anayemjua punda huyo tangu akiwa kijana ndiye kipimo bora kuliko orodha yoyote, mradi ahesabu kabla ya kuhukumu, kwa kuwa uzee huja taratibu na jicho huzoea. Kuchechemea kulikoanza mwaka jana leo kunaitwa mwendo wake.

Dawa ya maumivu nayo inaweza kutumiwa kama jaribio, lakini mikononi mwa daktari wa mifugo. Mwili wa punda huondoa dawa ya phenylbutazone haraka kuliko wa farasi, kwa hiyo ratiba ya farasi humwacha punda bila kinga saa nyingi, na kuongeza dawa kwa kukisia kunaweza kumletea vidonda vya tumbo. Punda akichangamka baada ya dawa, jibu limepatikana: alikuwa akiumia. Kumfunga mkokoteni asubuhi hiyo hiyo kwa sababu sasa anatembea ni kumtumikisha juu ya kiungo kilekile kilichochakaa, safari hii bila onyo lolote la kumzuia. Jaribio likithibitisha maumivu, kinachofuata ni kukata kwato, kusawazisha meno, kubadilisha vifaa na kupumzika kwa wiki kadhaa. Kisha mzigo urudi kidogo kidogo, na hesabu ya kilima ianze upya.