Kompaila Inayojijenga Mara Tatu

Kwenye Debian, kompaila ya lugha ya C hupatikana kwa amri moja: apt install gcc. Dakika chache na kazi imekwisha. Njia hiyo inawafaa wengi, lakini anayetaka kuuona ufundi wenyewe apite njia ndefu: apakue msimbo wa GCC na kuijenga kwa mkono wake.

Richard Stallman alitoa toleo la kwanza la GCC mwaka 1987, ili mradi wa GNU uwe na kompaila ambayo yeyote anaweza kuisoma, kuirekebisha na kuigawa. Ila GCC nayo ni programu, na msimbo wake hauwezi kuwa programu bila kompaila nyingine. Ni kama kugandisha maziwa: bila mtindi wa jana, wa leo haupatikani. Kwa hiyo mashine lazima iwe na kompaila ya kuanzia, pamoja na maktaba za hesabu za GMP, MPFR na MPC. Mjenzi mwangalifu hutenga folda ya kujengea kando na ile ya msimbo, ili msimbo ubaki safi. Kisha configure huikagua mashine, na make huanza kazi inayoweza kuchukua saa kadhaa.

Uzuri wote umo ndani ya saa hizo. Kwanza, kompaila ya zamani inaujenga msimbo mpya, na GCC ya kwanza inazaliwa. Haiaminiwi bado, maana imetengenezwa na mgeni. Inapewa msimbo uleule iujenge upya, ndipo inapatikana GCC ya pili. Hiyo nayo inaujenga tena, inapatikana ya tatu. Hatimaye faili za GCC ya pili na ya tatu zinalinganishwa. Kompaila ya kwanza na ya pili zimetokana na msimbo mmoja, hivyo kazi zao zinapaswa kufanana hata kama wajenzi wao walikuwa tofauti. Zikitofautiana, kuna kosa mahali, na ujenzi unasimama palepale.

Hata hivyo, ukaguzi huo una mpaka. Katika mhadhara wa Tuzo ya Turing uliochapishwa mwaka 1984, Ken Thompson alionyesha kuwa kompaila iliyotiwa hila inaweza kuipitisha hila hiyo kwa kila kompaila inayojengwa nayo, ilhali msimbo unaosomwa hauna doa. Nakala zitafanana, na zote zitakuwa na hila ileile. Mwaka 2023 wajenzi wa mfumo huria wa Guix walipiga hatua kubwa dhidi ya hatari hiyo. Walianzisha ujenzi wa vifurushi vyao kwa programu ya baiti 357, ndogo kiasi cha mtu kuikagua yote, kisha kila chombo kikajenga kikubwa zaidi mpaka wakaifikia GCC.

Ninawaheshimu mafundi hawa kwa sababu hawakutaka waaminiwe kwa majina yao. Waliuweka uthibitisho ndani ya kazi na kumwachia kila mtu njia ya kuurudia. Programu huria si suala la kutolipa pekee. Ni haki ya kuhakiki. Kijana anayesomea kompyuta aijenge GCC walau mara moja, asome mistari inayopita kwenye skrini, na ajue kila hatua inathibitisha nini.