Bafle ya okazio na ule mtihani wa sauti ya juu



Hapa kwenye ukurasa wetu tunakosoaka vitabu na filamu. Leo mimi nakosoa bafle. Msicheke kwanza, someni mpaka mwisho.

Mdogo wangu alipata lisanse yake miaka miwili iliyopita. Madosie ya kuomba kazi amepeleka kila mahali, majibu hakuna. Mwishoni akaniambia: “Yaya, mi nafungua sine ndogo hapa kwetu Katuba. Filamu jioni, mpira wikendi.” Televizio ilikuwepo, viti vya plastiki angeazima. Ilibaki sauti tu. Mkononi alikuwa na dola 150, na hapo njo pesa yake yote. Kwenye soko la Kenya (komini yetu ya Kenya hapa Lubumbashi, si nchi) alikuwa ameona homu sinema ya okazio: bafle mbili kubwa za mbele, moja ya kati, mbili ndogo za nyuma, kesoni ya besi, pamoja na ampli. Muuzaji alitaka 140.

Tulipofika, muuzaji alifanya kile wanachofanya wote. Akachomeka kle ya USB, akachagua wimbo mpya wenye besi nzito, akapandisha sauti mpaka mabati yakatetemeka. Watu wakasimama. Mdogo wangu akanigeukia macho yakiwaka: “Yaya, unasikia vile inapiga? Tulipe tu, tuende.” Na muuzaji: “Patro, hii ni okazio ya Ulaya, haina shida ata moja.”

Ukosoaji wangu wa kwanza ni juu ya mtihani ule wenyewe. Sauti ya juu haipimi bafle, inapima mabati. Besi ikiwa kubwa vile, mukwaruzo wa bobini hausikiki, twita iliyokufa haisikiki, gamba lililolegea linajificha ndani ya fujo. Halafu besi za nyimbo hizi zimetengenezwa kwenye ordinateri. Nani kati yetu anajua zilipaswa kulia namna gani? Hatuna cha kulinganisha nacho. Tunaenda nyumbani na furaha ya soko, na nyumbani hakuna anayesikiliza kwa sauti ya soko.

Nasema hivi kwa sababu mimi mwenyewe nilianguka kwenye shimo hilo. Mwaka 2019 nilinunua bafle mbili kwa mtihani ule ule. Usiku, sauti ikiwa chini, ya kushoto ilikuwa inatoa kelele kama mahindi yanayopepetwa. Baada ya wiki tatu ikanyamaza kabisa. Na mimi mtu wa agronomia! Mbegu sinunui kwa sababu mfuko ni mkubwa. Nachukua punje 100, naweka kwenye karatasi yenye unyevu, nangoja siku kadhaa, nahesabu ngapi zimeota. Mtihani mdogo, wa kimya, na mfuko wote unajulikana. Kwa bafle nilikuwa nimesahau masomo yangu.

Basi safari hii nilimwomba muuzaji azime kila kitu. Hakufurahi. Nikatoa kitambaa cha mbele cha bafle kubwa, nikatazama.

Hapa nikae kidogo, maana njo penyewe. Wufa ina koni ya karatasi, na koni hiyo imeshikwa pembezoni na pete laini inayoiruhusu kwenda mbele na nyuma. Kwenye bafle nyingi za miaka ya 80 na 90 pete hiyo ni ya sponji ya poliyuretani, ndugu ya godoro lenu. Sponji hiyo haiuawi na muziki. Inauawa na unyevu wa hewa pamoja na joto: maji yanavunja minyororo ya kemikali polepole, hata kama bafle imekaa kabatini bila kupigwa. Miaka 10, 15, wakati mwingine 20, halafu inakuwa kama keki iliyokauka, ama inanata kama ubani. Ukiigusa kwa kidole inabaki kwenye kidole. Pete ya kauchu inaishi zaidi sana, na ile ya kitambaa kilichokunjwa, kwenye bafle za zamani zaidi, nayo ni ngumu kufa. Kwa hiyo bafle ya zamani si lazima iwe mbovu kuliko ya juzi. Uliza kwanza pete ni ya nini.

Ya kulia ilishika. Ya kushoto, nilipobonyeza taratibu, kidole kilizama, na chini kulikuwa na ufa wa urefu wa kidole kizima. Muuzaji akasema ni vumbi.

Nikaweka vidole vinne kuzunguka katikati ya koni na kuisukuma ndani pole pole, bila kuinamisha. Ikienda kimya, bobini iko katikati ya sumaku yake. Ukisikia krrr, inagusa chuma, na bobini inayogusa itaungua siku moja. Ya kushoto ilikwaruza kidogo upande mmoja tu. Hiyo ilinipa tumaini: koni ilikuwa imeinama kwa sababu pete haiibebi tena, bobini yenyewe ilikuwa bado nzima. Testeri (ile yenye sindano mbili, nyekundu na nyeusi) ilithibitisha. Bafle iliyoandikwa omu 8 inaonyesha kwa kawaida kati ya 6 na 7, ya omu 4 inaonyesha kama 3 na kitu. Isipoonyesha kitu chochote, waya umekatika ndani. Zetu zilionyesha 6.3 na 6.4.

Lakini testeri ina uongo wake, na hapa mafundi wengi wanapita mbio. Ukipima nyuma ya bafle yenye wufa na twita, unapima wufa peke yake, kwa kuwa twita imefungiwa na kondensateri ambayo hairuhusu umeme wa testeri kupita. Twita inaweza kuwa maiti na sindano isijue. Twita inapimwa kwa sikio: viringisha karatasi kama bomba, weka mwisho mmoja mbele yake, sauti ikiwa chini, usikilize kama kuna “tsi-tsi-tsi”. Watu sokoni walinitazama kama mganga. Sawa tu.

Halafu tukasikiliza. Kwenye simu yangu nina “Masanga” ya Jean Bosco Mwenda, ile Hugh Tracey alirekodi mwaka 1952 kule Jadotville, ambayo leo ni Likasi. Niliichagua kwa makusudi, si kwa sababu ni ya kwetu. Gitaa kavu, moja tu. Kidole gumba kinatembea kwenye besi, kidole kingine kinacheza juu kama mtu wa pili. Kila mmoja wetu ameshasikia gitaa kavu mubarazani, kwa hiyo sikio lina cha kulinganisha. Na zamani zile walirekodi upande mmoja tu, maana yake bafle zote mbili zinapokea kitu kile kile. Ukikaa katikati, gitaa linapaswa kusimama katikati, mbele yako. Likiwa linaelea bila mahali, na besi imepungua, waya wa bafle moja umegeuzwa, nyekundu kwenye nyeusi. Hilo si ugonjwa, unageuza tu. Ukiwa na shaka, gusisha jiwe la tochi la 1.5 V kwenye waya za wufa kwa nusu sekunde, chanya kwenye nyekundu: koni inapaswa kuruka mbele. Usifanye hivyo moja kwa moja kwenye twita.

Tulisikiliza kwa sauti ya mazungumzo. Bafle ya kulia ilinishangaza, nakiri. Ukucha kwenye waya ulisikika, na nyuzi za besi zilikuwa na mwanzo na mwisho, hazikuwa uji. Ya kushoto ilikuwa na kucha zile zile juu, lakini kila gumba lilipogusa besi kulitoka kitu kama kitambaa kinachokung'utwa. Mdogo wangu akanyamaza. Baadaye akasema: “Kumbe ile ya kwanza tulikuwa tunasikia mabati.”

Bafle ya kati ilikuwa nzima, na kwa sine njo yenye kazi kubwa kwa sababu inabeba maneno ya wachezaji. Mtu atasamehe bomu lisilotikisa kiti. Hatasamehe asiposikia aliyesema “nakupenda” ni nani. Za nyuma zilikuwa salama, niliziangalia haraka.

Kesoni ilitoa mlio wa “mmm” wa chini hata bila muziki. Mara nyingi hiyo ni kondensateri za ampli yake ambazo zimekauka kwa uzee. Zinabadilishwa, hazina bei kubwa, ila zinaweza kubaki na umeme hata baada ya kuchomoa, kwa hiyo si mchezo wa mwanafunzi mwenye bisibisi. Nikageuza kesoni, na ule mlango wa hewa wa nyuma ukatoa mabua na kinyesi cha panya. Hilo najua kulisimamia, nimelala na panya wa ghala miezi mitatu ya staji.

Sasa soma kibao cha nyuma, kila mara. Cha kwetu kilisema 120 V ~ 60 Hz, 250 W. Kumbe Ulaya ya muuzaji ilikuwa Marekani! Umeme wetu ni 220 V. Iliwezaje kupiga pale? Nikainama: chini ya meza, nyuma ya gunia, kulikuwa na transfo. “Ile si ya kuuza,” akasema. Angetuacha twende nyumbani na kuchomeka ukutani.

Kibao hicho hicho kinajibu pia wale wanaosema wangenunua mpya. Bafle mpya za bei hiyo zinaandikwa wati 5000 “PMPO” kwa herufi za dhahabu. PMPO haina kanuni, kila kiwanda kinahesabu vile kinataka. Geuza usome zinakula ngapi: wati 60, wati 80. Hakuna mashine inayotoa zaidi ya inachokula. Gamba ni plastiki nyepesi, na sumaku unaweza kuifunika kwa kiganja. Homu sinema ya uzee huu, hata na pete iliyooza, nilipenda zaidi.

Tulilipa 95, baada ya mabishano marefu. Transfo ya 500 W ilikula 30. Fundi mmoja alijitolea kuweka kauchu ya ndani ya tairi la kinga pale pete ilipopasuka. Nilikataa: ile ni ngumu mno, koni haitembei, besi unayolipia inapotea. Tulipima koni, rafiki anayesafiri Johannesburg akatuletea pete mbili za sponji za inchi 8, na tulibadilisha zote mbili, ya kulia pia, maana zimezaliwa siku moja. Gundi nyeupe, vipande vya karatasi kuzunguka bobini ili isimame katikati, saa 24 bila kugusa.

Wiki sita za kungoja pete, sine ilifanya kazi na bafle ya kati na kesoni tu. Hakuna mteja aliyelalamika. Sasa zote ziko juu ya matofali, mbali na ukuta ambao unalia maji Januari na Februari. Mlango wa hewa umefunikwa na neti ya mbu, vumbi linatolewa kwa brashi kavu ya rangi, na kuran ikikatika mdogo wangu anachomoa transfo kabla haijarudi. “Masanga” anaipiga kabla ya kila filamu, sauti chini, watu wakiwa bado wanatafuta viti.

Ile “mmm” ya kesoni bado iko. Mwenye kumjua fundi mzuri wa ampli upande wa Katuba ama Kamalondo, aniandikie hapa chini.