Kazi ya Kukaa Kando

Katika darasa la watu wazima, anayeonekana ni mwalimu. Chaki ni yake, tablo ni yake, sauti ya juu ni yake. Mimi macho yangu huenda kwa mtu wa pili, msaidizi, anayepita kati ya mabenchi, akachuchumaa kando ya mama mmoja, wakanong'onezana kidogo, kisha akasogea kwa mwenzake. Hasimami juu ya kichwa cha mtu. Mwanafunzi wake ana umri wa mama yake mzazi, na mama hafundishwi kwa kutazamwa kutoka juu.

Kalemie, ninakoyaona haya, ni mji wa Kongo wa bandari na reli, mahali mto Lukuga unapotoka Ziwa Tanganyika kwenda kuungana na Lualaba. Maandishi si mageni katika ufuko huu. Kusini mwa mji, huko Mpala, Mapadri Weupe walifika mwaka 1885, na mwaka 1917 Stefano Kaoze, mzaliwa wa Marungu, akawa Mkongomani wa kwanza wa nyakati hizi kupewa upadri. Makala yake yalikuwa yamekwisha kuchapishwa kabla ya siku hiyo. Lakini kalamu ilipita kwanza kwa wavulana wa misheni. Wanaokaa leo katika madarasa ya alfabetizasio wengi wao ni akina mama: waliotolewa shule wakiwa wadogo kwa kukosa minervali, walioolewa mapema, waliokimbia vijiji vyao wakati wa vita kati ya Watwa na Waluba, hasa tangu 2016, wakajenga vibanda pembeni mwa mji. Shule ya msingi ya serikali ilitangazwa kuwa ya bure mwaka 2019. Watoto wao waliingia. Mama zao walikuwa wamekwisha kupita umri.

Katiba ya Kongo ya 2006, kifungu cha 44, inasema kuondoa hali ya kutojua kusoma na kuandika ni wajibu wa taifa. Wajibu huo, ukiufuata hadi mwisho wake, unafika kwenye benchi, kwa kijana au dada aliyechuchumaa na biki mkononi, ambaye mara nyingi anajitolea tu.

Kazi yake inaanza kabla ya herufi. Mama akisogeza kaye mbali na uso, kisha karibu, kisha mbali tena, asiyejua atadhani hajui herufi. Msaidizi anajua kwamba baada ya miaka arobaini macho ya karibu huchoka. Anamhamishia karibu na mlango penye mwanga, anamwandikia herufi kubwa, na nusu ya ugumu inaondoka bila mtu kuaibishwa. Halafu mkono. Mkono uliozoea jembe na mwiko wa bukari hushika biki kwa nguvu zote. Karatasi hutoboka, vidole huuma baada ya mistari miwili. Kumwambia alegeze hakusaidii, kwa sababu hajui anachokaza. Msaidizi mzuri humtoa kwanza kwenye karatasi. Wanachora duara na mistari mikubwa kwenye mchanga au kwenye tablo, mkono ukitembea kutoka begani, mpaka mwili uzoee kwamba kuandika ni mwendo tu. Kaye hurudi baadaye.

Kisha linakuja neno la kwanza. Paulo Freire, mwalimu wa Brazili aliyefundisha wafanyakazi mia tatu hivi huko Angicos mwaka 1963, alichagua maneno kutoka maisha ya wanafunzi wenyewe, akayavunja silabi, akawaacha wajenge mengine. Sijui lugha inayoipokea njia hiyo kwa urahisi kama Kiswahili. Chukua "samaki", neno ambalo hakuna mtu wa Kalemie asiyelijua. Sa, ma, ki. Zipanue: sa, se, si, so, su, ma, me, mi, mo, mu, ka, ke, ki, ko, ku. Sasa mwachie mama azichanganye. Atapata "kisu". Atapata "kisima" na "suka". Atapata "soko", mahali anapouza. Na siku moja, bila kuelekezwa, atapata "kusoma". Mwalimu ndiye aliyeandika silabi kwenye tablo, lakini anayekuwa kando yake wakati neno linapotoka ni msaidizi. Naye hujikaza asilitaje kabla yake.

Hapo ndipo ustadi wenyewe ulipo, na ningependa kukaa hapo. Mama ameshasoma "sa", ameshasoma "ma", kidole chake kimesimama chini ya silabi ya tatu na midomo inajaribu bila sauti. Benchi zima linajua jibu. Jirani anataka kulitoa, kwa upendo kabisa. Msaidizi humnyooshea jirani kiganja, taratibu, kumtuliza; yeye mwenyewe hutazama kaye, hatazami uso wa mama, kwa maana mtu akitazamwa usoni anapotafuta, hujifunga. Wavuvi wa ndakala hufanya vivyo hivyo ziwani usiku: huwasha taa na kungoja samaki waje wenyewe kwenye mwanga.

Lakini kungoja nako kuna kiasi. Ukizidi, unakuwa mateso. Jasho likianza kumtoka, msaidizi hasemi "ki". Hufunika neno lote kwa kiganja, hurudi ukurasa wa jana penye "kisu", neno ambalo mama analiweza, na kumwomba alisome. Analisoma. Kisha kiganja kinaondoka juu ya "samaki", na "ki" iko pale pale, imekwisha kutambulika. Jibu limetoka kwa mama mwenyewe. Nimeona walimu wenye vyeti wasioweza kufanya hivyo.

Kuna mtego pia, nao ni wa Kongo hasa. Mama wa Kalemie husema "mutu" na "mutoto". Kitabu cha Kiswahili sanifu kina "mtu" na "mtoto". Amefundishwa wiki nzima kwamba kila konsonanti hutembea na irabu yake, na sasa anakutana na "m" iliyosimama peke yake. Msaidizi mwenye akili humwacha aandike "mutu" kwanza, kama anavyolisikia, maana ndivyo silabi zilivyomfundisha. Hamwambii kwamba amekosea, kwa sababu hajakosea. Baadaye humwonyesha jinsi vitabu vinavyoandika.

Mtego mgumu kuliko huo ni jina lake mwenyewe. Mtaani huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza, Mama fulani, na anaitika. Kwenye karti ya elekta, ambayo Kongo ndiyo kitambulisho cha wengi, ameandikwa kwa Kifaransa: Georgette, Marie-Josée. Herufi hizo hazifuati silabi zozote alizojifunza, na kutia sahihi badala ya kidole gumba ndiko kulikomleta. Huwezi kumwambia angoje mwaka. Kwa hiyo jina hufundishwa kando, kama umbo zima: msaidizi analiandika juu ya ukurasa, mama analifuata, kwanza juu ya wino, kisha chini yake, kisha bila kuangalia. Njia mbili zinazopingana zinaenda pamoja katika kaye moja, na kazi ya msaidizi ni kuzuia moja isivuruge nyingine.

Hesabu ni rahisi zaidi. Mwanamke anayeuza samaki sokoni hubadilisha dola kuwa faranga kichwani akiwa anazungumza na wateja watatu, na bei huzitaja kwa Kifaransa. Anachokosa ni kuandika deni. Msaidizi humwonyesha tarakimu kumi na kumwachia hesabu yake mwenyewe.

Ng'ambo ya ziwa, Tanzania iliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwishoni mwa miaka ya 1960 watu wazima wapatao asilimia 67 hawakujua kusoma. Kufikia 1986 takwimu za serikali zilisema hawazidi asilimia 10. Rais Nyerere hukumbukwa kwa hilo, na ni haki. Ila wengi waliofundisha hawakuwa walimu wa kazi. Walikuwa watu waliomaliza shule ya msingi, wakakaa kando ya wazee wa kijiji chao. Mimi nawahesabu wao kwanza.

Mvua zikianza Kalemie, darasa hupungua. Mashamba yanaita. Ziwa nalo, likifurika kama lilivyofanya miaka hii, huingia majumbani na watu huhama. Msaidizi huwa na kaye yake ndogo inayoonyesha kila mmoja aliishia wapi. Mama akirudi baada ya miezi, hukaa benchi la nyuma na kusema amesahau yote. Msaidizi haulizi alikuwa wapi. Huuliza habari za muhogo na za watoto, kisha humfungulia ukurasa wa zamani, wa maneno aliyoyaweza vizuri, wakaanzia hapo. Wiki ya kwanza hapewi silabi mpya hata moja.