Thabeet na zawadi ya kushika mkia

Shabiki wa Tunduma aliyeifuata Mbeya City anaijua adhabu ya msimu mbovu. Timu iliyomaliza ya tatu Ligi Kuu 2013/14, juu ya Simba, ilishuka daraja 2023 mbele ya Mashujaa kwenye mchujo.

Kwenye NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, hakuna kushuka. Wanaoshika mkia huingia kwenye droo ya kuchagua mapema chipukizi wa mwaka. Nia ni kusawazisha ligi, lakini wajanja walishaona faida ya kufungwa. Ndiyo maana mwaka 2019 nafasi ya timu ya mwisho kabisa kupata chaguo la kwanza ilishushwa kutoka asilimia 25 hadi 14.

Mwaka 2009 droo ilimgusa Mtanzania. Memphis Grizzlies, waliopoteza mechi 58 kati ya 82, walipata chaguo la pili wakamchukua Hasheem Thabeet. James Harden alichaguliwa wa tatu, Stephen Curry wa saba. Tulishangilia, na tulikuwa na haki. Msimu wa kwanza Thabeet alipata wastani wa pointi 3.1, Februari 2011 akapelekwa Houston, Shane Battier akaja Memphis.

Wengi huishia hapo wakicheka. Mimi nataka kujua ilikuwaje Memphis hiyohiyo, miezi miwili baadaye, ikaingia mtoano ikiwa ya nane Magharibi na kuwang'oa vinara San Antonio Spurs 4-2.

Chini ya kikapu alikuwepo Marc Gasol, aliyepatikana 2008 katika biashara ya kumuuza kaka yake Pau kwa Lakers. Thabeet, basi, alipelekwa kwenye namba iliyokwisha kuwa na mwenyewe. Pembeni ya Gasol alikuwepo Zach Randolph, aliyechukuliwa kutoka Clippers kiangazi kilekile cha 2009, wakati wengi wakimwona msumbufu. Tony Allen alitoka Boston 2010 mkataba wake ulipokwisha. Kati ya nguzo hizo nne, ni Mike Conley pekee, chaguo la nne la 2007, aliyeletwa na mkia, naye alihitaji miaka kadhaa kuiva.

Mwaka 2013 wanne hao walifika fainali ya Magharibi, wakafungwa 4-0 na Spurs walewale. Spurs nao walijengwa juu ya Tim Duncan, chaguo la kwanza la 1997, baada ya msimu wa kupoteza mechi 62. Tena walimchukua wakiwa tayari na David Robinson kwenye eneo lilelile. Tofauti na Thabeet ni kwamba Duncan aliweza kucheza pembeni ya Robinson.