Kipendacho Roho: Heathcliff na Raha ya Msomaji

Wahenga walisema kwamba kipendacho roho hula nyama mbichi. Walisema pia kwamba ukipenda, chongo huita kengeza. Methali hizi hutajwa pamoja kana kwamba ni ndugu wa tumbo moja, lakini kila moja ina njia yake. Ya kwanza ni ya mtu ajuaye kuwa nyama ni mbichi, naye akaila. Ya pili ni ya mtu aliyekubali kudanganywa na macho yake mwenyewe. Tofauti hiyo ndiyo ufunguo wa riwaya ya Wuthering Heights ya Emily Brontë, na ndiyo jibu kwa wale wanaouliza, kwa mshangao au kwa lawama, inakuwaje msomaji mwenye akili na adabu zake aburudike kwa mapenzi ya mtu katili.

Riwaya hiyo ilitoka Uingereza mwezi wa Disemba 1847, kwa jina la kubuni la Ellis Bell. Mwandishi wake alifariki tarehe 19 Disemba 1848 akiwa na umri wa miaka 30, bila ya kuchapisha riwaya nyingine. Swali la maadili lilianza mapema, tena nyumbani kwake. Dada yake Charlotte, alipoitayarisha chapa ya 1850, aliandika dibaji iliyoonyesha shaka iwapo ni jambo jema kumuumba kiumbe kama Heathcliff.

Heathcliff ni mtoto asiye na kwao, aliyeokotwa katika njia za Liverpool na Mzee Earnshaw, akalelewa katika nyumba yake kwenye nyika za Yorkshire. Mzee alipokufa, mwanawe Hindley alimshusha kijana huyo hadi daraja ya kibarua. Catherine, dada yake Hindley, alimpenda. Lakini siku moja Heathcliff alimsikia akisema kuwa kuolewa naye kungemshushia hadhi. Akatoka kimya kimya, asisikie maneno yaliyofuata, kwamba nafsi zao wawili ni nafsi moja. Aliporudi baada ya miaka mitatu hivi alikuwa na mali, na Catherine ameshaolewa na Edgar Linton. Hapo ndipo kisasi kilipoanza. Hindley alifilisika kwa kamari. Isabella, dada yake Edgar, alitoroshwa akaolewa. Hata binti wa Catherine, baada ya miaka mingi, alifungiwa ndani na kulazimishwa kuolewa na mwana wa Heathcliff, huku baba yake akiwa mahututi.

Basi raha iko wapi? Kwanza, iko katika dhulma aliyotendewa mtoto yule, kwani moyo wa msomaji humwelekea aliyeonewa, na ukishamwelekea hauondoki upesi. Pili, iko katika kauli. Wapenzi wengi wa riwaya husema wanavyotakiwa kusema. Heathcliff husema kama mtu anayeng'olewa kiungo. Catherine anapofariki, yeye hamwombei mapumziko. Anautaka mzimu wake umwandame, hata ukimtoa akili. Tatu, iko katika usalama wa mbali. Usimulizi umepita katika vinywa viwili, cha mtumishi Nelly Dean na cha mpangaji Lockwood, na msomaji huuota moto ule akiwa nyuma ya kuta mbili. Hii ndiyo nyama mbichi, na hakuna aliyeficha ubichi wake.

Lakini umahiri wa Emily Brontë haukuishia hapo. Ndani ya kitabu amemweka msomaji mwingine, naye ni Isabella. Catherine alimwonya waziwazi kwamba mtu yule hana huruma na atamvunja. Isabella akadhani ni wivu. Heathcliff mwenyewe anamcheka baadaye mbele ya Nelly: ati alimfanya shujaa wa hadithi za mapenzi, ilhali kitendo cha kwanza alichomwona akikifanya usiku wa kutoroka ni kumtundika kitanzi mbwa wake mdogo. Isabella alikiona chongo kwa macho yake mawili, akakiita kengeza.

Hali kadhalika, silaha kubwa ya Heathcliff si ngumi. Ni rehani, ni ndoa na ni mirathi. Katika Uingereza ya zama zile mume alikuwa na mamlaka makubwa juu ya mali ya mkewe. Sheria zilizoanza kubadilisha hali hiyo zilipitishwa mwaka 1870 na 1882. Heathcliff anajigamba kwamba amejihadhari asimpe mkewe sababu ya kudai watengane. Atetemekaye kwa hotuba zake za mapenzi na asome pia hesabu hiyo baridi. Mtu ni yule yule.

Wasikilizaji wa Pwani si wageni wa jambo hili. Siti binti Saad aliimba habari za Kijiti, aliyemuua mwanamke, na wimbo huo umewaburudisha watu wengi, lakini kilio cha aliyeuawa hakikuzimwa na ngoma. Emily Brontë amefanya vivyo hivyo. Amempa Isabella barua ya kueleza masaibu yake, akampa na miguu ya kukimbilia katika theluji hadi akaanza maisha mengine karibu na London. Mteswa ana ulimi. Hapo ndipo zinapokwama riwaya nyingi za siku hizi zenye wapenzi wa hatari: jeraha hugeuzwa kuwa ushahidi wa mapenzi, kisha busu la mwisho humtakasa mtesaji. Heathcliff hatakaswi. Anachoka tu, hamu ya kisasi inamtoka, anaacha kula, anakufa.

Anayebadilika ni Hareton, mwana wa Hindley, aliyelelewa kwa ukatili na Heathcliff hata naye akaonekana akiwatundika watoto wa mbwa. Binti wa Catherine anamcheka kwanza kwa ujinga wake wa kusoma, naye kwa hasira anavitia vitabu motoni. Mwishowe wanaketi pamoja, yeye akifundishwa herufi. Mabadiliko yanakuja kwa kazi na kwa haya, si kwa mwanamke kuvumilia kipigo.

Riwaya ina dosari zake. Nusu ya pili inalegea kila Linton, yule mwana mgonjwa wa Heathcliff, anapoingia, na lahaja ya mtumishi Joseph ni mzigo hata kwa Waingereza. Hata hivyo, hizo ni dosari ndogo mbele ya kazi iliyotimia.

Kumstarehea Heathcliff, basi, si aibu wala si udhaifu wa maadili. Roho ina vyumba vya giza, na fasihi ni taa ya kuingilia humo na kutoka salama. Sharti ni moja: aliyeingia asisahau mbwa aliyetundikwa mlangoni. Kitabu kinachomkumbusha msomaji mbwa huyo kinastahiki kupendwa. Kinachomficha, hata kikiwa na maneno matamu namna gani, kinamfundisha kuita chongo kengeza.