Usahihi, Shabaha na Mtawanyiko: Kasoro Moja katika Lugha ya Bunduki

Miongoni mwa tafsiri zilizofika katika meza ya istilahi kwa kukaguliwa, imo rasimu ya maelezo ya kutunza bunduki ya kuwindia, iliyokusudiwa askari wa wanyamapori na wawindaji wenye leseni. Kwa upande wa sarufi, rasimu hiyo haina doa kubwa. Sentensi zake ni nyoofu na upatanisho wa ngeli umezingatiwa. Hata hivyo, sura iliyo muhimu kuliko zote, yaani ile inayoeleza namna ya kutafuta chanzo bunduki isipopiga inapolengwa, haiwezi kumsaidia msomaji. Sababu ni kwamba maneno mawili, usahihi na shabaha, yamebebeshwa maana ambazo hazina budi kutenganishwa.

Tuchukue mfano wa bunduki mbili. Kila moja imeegemezwa juu ya mfuko wa mchanga, ikalengwa kwenye alama iliyo umbali wa meta 100, ikapigwa mara tano. Ya kwanza imetoboa matundu yaliyokaribiana hata kiganja kinaweza kuyafunika, lakini yote yako sentimita 10 kushoto kwa alama. Ya pili imetoboa matundu yaliyotapakaa kila upande wa alama. Kwa lugha ya mfasiri wetu, bunduki zote mbili zina usahihi mdogo na shabaha mbaya. Msomaji akishaambiwa hivyo, hajui aanzie wapi.

Ukweli ni kwamba maradhi ni mawili, na kila moja lina dawa yake. Bunduki ya kwanza ni nzima. Vilengeo vyake tu ndivyo vilivyokaa vibaya. Dawa yake ni kusogeza kilengeo cha nyuma kuelekea upande tunaotaka risasi iende, yaani kulia, au kusogeza kile cha mbele kinyume chake. Kazi hiyo isipofanywa, kosa la sentimita 10 kwenye meta 100 litakuwa takriban sentimita 20 kwenye meta 200.

Bunduki ya pili haiponi kwa kusogeza vilengeo, hata visogezwe mchana kutwa. Baada ya kuhakikisha kuwa haina risasi ndani, hukaguliwa kwa utaratibu: skrubu zinazoshika mtutu na mbao yake, vishikizo vya darubini, kama ipo, masizi na mabaki ya madini ndani ya mtutu, kisha mdomo wa mtutu, kwa kuwa mkwaruzo mdogo mahali hapo hupotosha risasi inapotoka. Huulizwa pia kama risasi zilizotumika ni za aina moja na uzito mmoja, na kama mtutu uliachwa upoe. Mwisho hupewa mpigaji mwingine, maana huenda mwenye bunduki hushtuka kabla ya mlio. Katika Mkoa wa Tabora, ambako miezi ya mvua hufuatwa na kiangazi kirefu, mbao ya bunduki huweza kuvimba wakati wa mvua na kusinyaa wakati wa jua, ikausukuma mtutu pasipotakiwa. Basi mwenye bunduki aliyeambiwa tu kwamba usahihi ni mdogo atasogeza vilengeo leo, atavirudisha kesho, na skrubu iliyolegea itabaki imelegea.

Hasara yake si ya karatasi. Tuseme bunduki hiyo ya pili imo mikononi mwa mwindaji katika miombo ya Tura, Wilaya ya Uyui, mashariki mwa mji wa Tabora. Nyati aliyejeruhiwa bila kuuawa huingia kichakani na maumivu yake. Anayekutana naye kesho yake aweza kuwa mrina asali ambaye hakuisoma rasimu wala hakuisikia bunduki. Neno lisilotenganisha mambo lina sehemu yake katika ajali kama hiyo.

Tura huko huko hutusaidia kuona asili ya kasoro hii. Katika karne ya 19, misafara iliyotoka pwani ilivuka Ugogo, ikapita nyika ya Mgunda Mkali, ndipo ikafika Tura, mlango wa mashariki wa Unyamwezi. Burton na Speke walipita njia hiyo mwaka 1857, na Stanley mwaka 1871. Katika mizigo ya misafara zilikuwamo bunduki na baruti, na pamoja na vyombo hivyo yalisafiri maneno yake: risasi, fataki, gumegume, gobore. Sasa, gobore ni bunduki ya mtutu laini. Risasi yake haizungushwi, nayo hupotea njia upesi. Kwa hiyo mwindaji hodari alikuwa yule aliyejua kunyemelea hadi karibu. Kwa silaha ya namna hiyo, neno moja shabaha lilitosha kutaja kitu kinacholengwa, tendo la kulenga, na ustadi wa mlengaji pia. Bunduki ya leo ina mifuo ndani ya mtutu, yaani mifereji membamba inayojipinda na kuizungusha risasi ili ishike njia. Chombo kimebadilika, lakini msamiati wetu ungali ule wa gobore.

Hoja hii haiwahusu wawindaji peke yao. Shirika la Kimataifa la Viwango, katika kiwango chake namba 5725 cha mwaka 1994, limetenganisha mambo haya haya kwa vipimo vya kila aina: kukaribia thamani ya kweli ni jambo moja, na kukaribiana kwa vipimo vyenyewe ni jambo jingine. Usahihi umewekwa kuwa jina la jumla linaloyakusanya yote mawili. Mkulima wa tumbaku aielewa tofauti hiyo bila kufundishwa. Mizani inayopunguza kilo mbili kila mara yaweza kusawazishwa kwa hesabu. Mizani inayosema hili asubuhi na lile jioni haina hesabu ya kuiponya. Mwalimu wa sayansi asiye na maneno ya kutofautisha mizani hizo mbili atamfundisha mwanafunzi nusu ya somo.

Kwa hiyo twapendekeza yafuatayo. Usahihi libaki kuwa neno la jumla. Kosa la bunduki ya kwanza, ambalo huelekea upande mmoja daima, liitwe mkengeuko. Kosa la bunduki ya pili liitwe mtawanyiko. Shabaha litumike kwa kitu kinacholengwa tu, na ustadi wa mtu uitwe ulengaji. Alama za kulengea zilizo juu ya mtutu ziitwe kilengeo cha mbele na kilengeo cha nyuma.

Neno risasi nalo lahitaji uangalifu. Kwa matumizi ya kawaida hutaja madini yenyewe, hutaja kitu kizima kinachotiwa ndani ya bunduki, na hutaja pia kile kipande kinachoruka. Rasimu ikimwagiza msomaji kukagua risasi, apime nini? Watu wameshatuonyesha njia, kwani husema maganda ya risasi na kichwa cha risasi bila kusubiri kamati. Tuwafuate: risasi iwe kitu kizima, kichwa kiwe kinachoruka, ganda liwe kinachobaki.

Huenda wapo watakaosema kwamba mtawanyiko na mkengeuko ni maneno mageni kwa mwindaji wa kijijini. Hatudhani hivyo. Mbuzi hutawanyika na mtu hukengeuka njia. Vitenzi hivyo vimo vinywani mwa watu siku zote, na kilichoongezwa ni umbo la nomino tu. Wengine watasema kwamba muktadha hueleza maana. Hilo ni kweli katika hadithi. Katika maelezo ya kutafuta chanzo cha hitilafu, msomaji hana muktadha mwingine ila chombo kibovu kilicho mikononi mwake.

Rasimu imerudishwa kwa mfasiri pamoja na mapendekezo haya. Wafasiri, walimu na watumishi wa serikali wanaotumia maneno mengine kwa dhana hizi, hasa katika mikoa ambako bunduki na mizani ni vyombo vya kazi ya kila siku, waombwa kuyaleta kabla istilahi hazijapitishwa. Likipatikana neno lililo bora kuliko mtawanyiko, litapokewa. Lakini tofauti yenyewe haifai kuachwa.